Eko ya moyo na presha ya mapafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa watu wa aina mbili: mgonjwa na jamaa zake wanaotoka na karatasi ya eko mkononi bila kuelewa imesema nini, na mhudumu wa afya anayeshika mashine au anayepokea ripoti. Maswali 1 hadi 11 ni ya kila mtu. Kuanzia la 12 lugha inakuwa ya kazini zaidi, lakini hakuna mlango uliofungwa.

## Mambo ya mwanzo

1. Presha ya mapafu si ndiyo hii ninayopimwa mkononi?

Siyo. Mkanda wa mkononi unapima damu inayosukumwa na upande wa kushoto wa moyo kwenda mwili mzima. Upande wa kulia una kazi nyingine, kupeleka damu mapafuni ikachukue hewa safi. Njia hiyo kwa kawaida ni laini, na wastani wa presha yake mtu akiwa amepumzika hauzidi milimita 20 za zebaki. Mtu anaweza kuwa na 110/70 mkononi huku mapafuni mambo yameharibika. Dawa za presha ya kawaida mara nyingi hazimtibu, na baadhi zinaweza kumuangusha.

Aina tunayoizungumzia hapa ni ile ambayo mishipa midogo ya mapafu yenyewe imenenepa kuta zake na kubana njia. Kwenye ripoti huandikwa PAH. Presha ya mapafu huweza pia kupandishwa na ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo (vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, kwa mfano), na mapafu yaliyochakaa kwa TB ya zamani au moshi, au na mabonge ya damu yaliyoganda mapafuni. Usiipuuze tofauti hii, kwa sababu vipimo vya hatari vilivyomo humu vimetengenezwa kwa ajili ya PAH. Ukiviweka juu ya mgonjwa wa vali ya kushoto, umepima chumvi kwa ratili ya sukari.

2. Eko inaona nini hasa?

Ni ultrasaundi ya moyo. Proba, yaani kile kichwa kinachopakwa jeli na kupitishwa kifuani, hutoa sauti isiyosikika, na mwangwi wake hujenga picha. Hakuna mionzi, hakuna maumivu zaidi ya kubonyezwa kidogo chini ya ubavu. Inaonesha ukubwa wa chemba nne, namna kuta zinavyosogea, vali zinavyofunga, na kasi ya damu.

Haipimi presha moja kwa moja. Inapima kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kupitia vali ya kulia (iliyo kati ya chemba ya juu na ya chini za kulia), kisha presha inakokotolewa. Kwa hiyo namba ya presha kwenye eko ni makadirio, na makadirio yanafuata mkono wa aliyepima (tazama swali la 13).

3. Wanaposema "hatari ya kati" wana maana gani? Hatari ya nini?

Ya kufariki ndani ya mwaka mmoja. Katika mwongozo wa madaktari wa moyo na mapafu wa Ulaya wa mwaka 2022, kundi la chini ni chini ya asilimia 5, la kati ni asilimia 5 hadi 20, la juu ni zaidi ya asilimia 20. Maneno mazito, na ni bora yasemwe mgonjwa akiwa amekaa kitako, na jamaa yake pembeni kama anapenda.

Lakini si ramli. Ni hesabu ya kundi la watu wenye namba zinazofanana, haimtaji Bi Fulani wala Mzee Fulani. Faida yake ni kuamua dawa: wa chini anaendelea na alizonazo, wa juu hasubiri miezi sita. Na kundi linabadilika. Watu hushuka kutoka juu kwenda kati na kutoka kati kwenda chini baada ya matibabu, na hilo ndilo lengo.

4. Dalili zipi zinifanye nisisubiri siku ya kliniki?

Kuzimia au kukaribia kuzimia unapopanda ngazi au kubeba ndoo, miguu na tumbo kujaa ndani ya siku chache, pumzi kukukatika ukiwa umekaa, kukohoa damu, midomo kugeuka rangi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kuzimia hasa kusichukuliwe kwamba ni joto tu.

## Kujiandaa na kipimo

5. Nije na njaa? Niache dawa? Nivae nini?

Kula kama kawaida. Dawa usiziache hata moja, kwa sababu tunataka kuuona moyo ulivyo ukiwa na dawa, na kukatisha ghafla dawa za presha ya mapafu kunaweza kumzidishia mgonjwa ugonjwa. Kama unatumia dawa ya kukojoa, mwambie mpimaji umeimeza saa ngapi.

Kwa wanawake, vaa nguo inayofunguka mbele ndani ya buibui na uje na kanga. Kifua hufunuliwa upande wa kushoto tu na kanga hufunika kwingine. Si lazima uvue mtandio. Una haki ya kuomba mpimaji wa kike au kuingia na mtu wako. Omba siku unapoandikisha, maana ukisubiri hadi ulale kitandani huenda aliyepo zamu ni mmoja tu.

Eko kamili ya upande wa kulia huchukua nusu saa hadi dakika 45. Ukitolewa baada ya dakika nane, kuna vipimo havikuchukuliwa.

6. Nitoke Pemba na karatasi tu, au na picha pia?

Na picha. Karatasi inasema mpimaji alifikiri nini. Picha zinazosogea zinamwezesha daktari wa pili kupima upya. Omba ziwekwe kwenye flashi au sidii, pamoja na ripoti zote za zamani. Ukivuka hadi Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, eko itarudiwa pengine, na hilo lisikuudhi. Lakini bila picha za awali hakuna atakayejua kama moyo umebadilika au ni jicho la mpimaji lililobadilika.

## Kuisoma ripoti

7. Namba zipi nizitazame kwanza?

Ripoti inaweza kuwa na mistari arobaini. Kwa hatari ya PAH, mwongozo tulioutaja umechagua mitatu tu kutoka eko.

Wa kwanza ni eneo la chemba ya juu kulia, huandikwa RA area. Chini ya sentimita za mraba 18 ni kundi la chini, 18 hadi 26 la kati, zaidi ya 26 la juu. Chemba hii ni kama ukumbi wa kungojea: mlango wa mbele ukiwa mgumu, watu wanarundikana ukumbini.

Wa pili ni uwiano wa TAPSE na presha, tumeueleza katika swali la 8. Wa tatu ni maji kwenye mfuko wa moyo. Yasipokuwepo ni vizuri, yakiwa kiduchu ni kati, yakiwa ya wastani au mengi ni juu.

Mengine yote (chemba ya chini kulia kuwa pana kuliko ya kushoto, ukuta wa katikati kubonyea hadi chemba ya kushoto ikafanana na herufi D, mshipa mkuu wa mapafu kuzidi milimita 25) yanasaidia zaidi kujibu swali la kama presha ya mapafu ipo. Yana thamani, ila ni swali jengine.

8. TAPSE ni nini, na kwa nini igawanywe kwa presha?

Kila moyo unapopiga, ukingo wa nje wa vali ya kulia hushuka kuelekea ncha ya moyo kisha hurudi. Umbali wa kushuka, kwa milimita, ndiyo TAPSE. Chini ya 17 si kawaida.

Lakini milimita 17 peke yake haisemi mengi. Mchukuzi anayetembea polepole bila mzigo ni mgonjwa. Mchukuzi anayetembea mwendo huohuo na gunia la karafuu kichwani ni shujaa. Kwa hiyo tunagawa mwendo kwa mzigo: TAPSE kwa presha ya juu ya mapafu (ile ya moyo unapobana, si wastani). Zaidi ya 0.32 ni kundi la chini, 0.19 hadi 0.32 la kati, chini ya 0.19 la juu. Kama ripoti yako ina namba zote mbili bila uwiano, gawanya mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

9. Presha ya mapafu imeshuka kutoka 89 hadi 70. Mbona daktari hakufurahi?

Hili ndilo swali tunalotamani kila mtu aliulize, kwa sababu jamaa wengi huishikilia namba ya presha na kuacha mengine.

Tuhesabu. Mwanzoni mgonjwa ana presha 89 na TAPSE 19. Ukigawanya unapata 0.21, kundi la kati. Baada ya miezi minane presha ni 70, TAPSE ni 11. Ukigawanya unapata 0.16, kundi la juu. Presha imeshuka kwa 19, na mgonjwa yuko pabaya zaidi.

Sababu ni kwamba presha huzalishwa na moyo unaosukuma. Moyo wa kulia ukichoka, hauna tena nguvu ya kujenga presha kubwa, na namba inashuka ingawa mishipa imebana vilevile au zaidi. Bomba likitoa maji kwa udhaifu, huenda pampu imechoka. Presha iliyoshuka kwa dawa huja na chemba iliyopungua, TAPSE iliyopanda na mgonjwa anayetembea zaidi. Presha iliyoshuka kwa kuchoka huja na chemba iliyovimba, mshipa mkubwa wa tumboni uliojaa na miguu inayobonyea.

10. Ripoti mbili za wiki moja zinatofautiana. Ipi kweli?

Huenda zote mbili, au pengine hakuna hata moja. Tofauti ya presha ya milimita 10 kati ya wapimaji wawili ni jambo la kawaida. Zingatia mambo matatu kabla ya kulaumu mtu: je, kasi ya damu imeandikwa au ni presha tu? Je, presha ya chemba ya juu kulia iliyoongezwa kwenye hesabu ni 3, 8 au 15 (swali la 15)? Je, mgonjwa alikuwa na maji mwilini siku hiyo? Kitoweo cha papa wa chumvi siku mbili mfululizo kinatosha kumjaza maji mgonjwa na kubadilisha namba.

Kwa ufuatiliaji, ni bora kupimwa mahali pamoja na, ikiwezekana, na mtu yuleyule.

11. Eko peke yake inatosha kuniweka kwenye kundi?

Haitoshi. Na kuthibitisha ugonjwa wenyewe kunahitaji kateta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi upande wa kulia wa moyo na kupima presha ana kwa ana. Hakuna eko nzuri kiasi cha kuiondoa kateta ya mwanzo, na dawa za PAH zisianzwe kwa eko tupu.

Kwa ufuatiliaji baada ya hapo, kundi la kati hugawanywa mara mbili, na mambo matatu hupewa alama 1 hadi 4: 1 ni chini, 2 kati ya chini, 3 kati ya juu, 4 juu. Kwanza uwezo wa shughuli: asiyelemewa au anayelemewa kidogo hupata 1, anayechoka kwa kazi ndogo 3, anayechoka akiwa amekaa 4. Pili mwendo wa dakika sita, yaani umbali anaotembea kwa muda huo: zaidi ya mita 440 ni 1, 320 hadi 440 ni 2, 165 hadi 319 ni 3, chini ya 165 ni 4. Tatu kipimo cha damu cha NT-proBNP, kemikali inayotolewa na moyo unapoelemewa: chini ya 300 ni 1, 300 hadi 649 ni 2, 650 hadi 1,100 ni 3, zaidi ya hapo 4. Jumlisha, gawa kwa idadi ya vipimo, zungusha kwa namba nzima iliyo karibu. Mtu mwenye 3, 2 na 3 ana jumla ya 8. Ukigawa kwa 3 unapata 2.67, yaani 3, kati ya juu.

NT-proBNP si kila maabara inayo. Mwendo wa dakika sita hauna kisingizio: unahitaji ukumbi au baraza ya mita 30 iliyonyooka, vitu viwili vya kuwekea alama za kugeukia, saa na kiti. Mgonjwa avae viatu, si kandambili. Eko huja juu ya haya, hasa pale alama zinapogota katikati na daktari anataka kujua aongeze dawa au asubiri.

## Kwa wanaoshika mashine

12. Mashine ya kituo cha afya inayotumika kwa wajawazito inafaa?

Kwa kugundua, kidogo. Kwa kupanga hatari, hapana. Proba pana iliyopinda imetengenezwa kwa tumbo. Haipenyi vizuri kati ya mbavu. Unaweza kuona kama mshipa mkubwa wa tumboni, IVC, umejaa na kama kuna maji mengi kuzunguka moyo, na hayo mawili yanatosha kumpa mgonjwa rufaa. Kasi ya damu huwezi kuipima kwa uhakika. Kunahitajika proba ndogo ya moyo na dopla endelevu (ya kupima kasi kwa kutuma na kupokea sauti mfululizo). Mashine nyingi za mfukoni hazina dopla endelevu. Zina rangi na picha nzuri, lakini kasi ya mita 4 kwa sekunde inazishinda.

Ungeni nyaya tatu za mapigo kabla ya kuanza. Bila mstari wa mapigo hujui moyo umejaa saa ngapi na umebana saa ngapi, na vipimo vyote vinavyofuata vinategemea hilo.

13. Kasi ya damu inayorudi nyuma ipimwe vipi ili isidanganye?

Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Anza na rangi ili uone mvujo unakoelekea, kisha weka mstari wa dopla endelevu sambamba nao. Usitosheke na dirisha moja: jaribu ncha ya moyo, kando ya mfupa wa kifua kwa picha ya mhimili mfupi na ile ya njia ya kuingilia chemba ya kulia, na chini ya kifua. Chukua kasi kubwa kuliko zote yenye ukingo uliokamilika. Punguza mwangaza hadi ndevu, yaani ule ukungu hafifu ukingoni mwa umbo, zipotee. Ukipima kwenye ndevu unaongeza presha isiyokuwepo. Mwendo wa skrini milimita 100 kwa sekunde, mapigo matatu, na matano au zaidi moyo ukiwa unapiga ovyo.

Hesabu ni mara nne ya kasi kwa kipeo cha pili, kisha uongeze presha ya chemba ya juu kulia (swali la 15). Kasi ya 4.1: 4.1 mara 4.1 ni 16.8, mara 4 ni 67, ongeza 8 unapata 75. TAPSE ikiwa 16, uwiano ni 0.21, kati.

Sasa tazama kinachotokea mwale ukiinama. Mpimaji mwengine wa mgonjwa huyohuyo ametosheka na dirisha moja, pembe karibu nyuzi 40, akapata 3.2. Presha inakuwa 41 na 8, yaani 49. Uwiano ni 0.33. Mgonjwa amehamia kundi la chini, na kilichomhamisha ni mkono tu. Pembe ya nyuzi 20 hupunguza kasi kwa asilimia 6 na mara nne ya kipeo chake kwa asilimia 12 hivi. Nyuzi 30 hupunguza robo nzima. Kosa hili daima huenda upande mmoja, wa kumfanya mgonjwa aonekane mzima.

14. Hakuna mvujo wa kupima. Niandike presha ni ya kawaida?

Usiandike hivyo hata kidogo. Vali kutovuja si ushahidi wa presha ndogo. Moyo wenye presha kubwa unaweza kuwa na vali inayofunga vizuri. Andika "kasi haikupimika", kisha tafuta ishara nyengine: muda wa damu kuongeza kasi kwenye mlango wa mshipa wa mapafu (chini ya milisekunde 105 ni dalili, na umbo likiwa na pengo katikati ni dalili zaidi), umbo la D, upana wa chemba ya chini kulia dhidi ya kushoto.

Penye mtu aliyefundishwa, mvujo hafifu huimarishwa kwa mapovu: mililita 9 za maji ya chumvi ya dripu na mililita 1 ya hewa, zikitikiswa kati ya mabomba mawili ya sindano kupitia koki ya njia tatu, hewa inayoonekana ikatolewa, kisha zikasukumwa haraka kwenye mshipa wa mkono. Kwa mgonjwa anayejulikana kuwa na tundu linalopitisha damu kutoka kulia kwenda kushoto, usifanye bila daktari wake.

15. Presha ya chemba ya juu kulia naikisiaje?

Kwa IVC. Proba chini ya kifua, mgonjwa amelala chali amekunja magoti, pima sentimita 1 hadi 2 kutoka unapoingia moyoni, mwisho wa kutoa pumzi. Kisha mwambie anuse kwa nguvu kama anayenusa asumini. Ukiwa milimita 21 au chini na ukajikunja zaidi ya nusu, weka 3. Ukizidi 21 na usijikunje nusu, weka 15. Vyenginevyo, 8.

Kosa la kawaida ni kwamba mgonjwa akinusa, mshipa husogea pembeni ya picha na huonekana kama umejikunja. Thibitisha kwa picha ya kukata mkingamo. Na ukumbuke kwamba aliyekunywa dawa ya kukojoa asubuhi atakuwa na mshipa mwembamba.

16. Eneo la chemba na TAPSE, wapi watu hukosea?

Eneo hupimwa moyo ukiwa umemaliza kubana, fremu moja kabla ya vali ya kulia kufunguka, hapo chemba ndipo ilipo kubwa. Chora ndani ya ukuta. Kwenye vali pita mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, usifuate majani ya vali kuingia chini. Acha nje midomo ya mishipa mikubwa na kile kijisikio cha chemba. Picha iwe ya ncha iliyoelekezwa upande wa kulia. Ncha ikikatwa, chemba huonekana fupi na mgonjwa wa sentimita 27 hupewa 22.

TAPSE hupimwa kwa modi ya M (mstari mmoja unaoonesha mwendo kadiri muda unavyopita), mstari upite kwenye ukingo wa nje wa vali sambamba na mwendo wake. Ukiinama, unapima pungufu. Isiaminiwe kwa aliyefanyiwa upasuaji wa moyo (hupungua hata kama chemba inafanya kazi) wala kwa mwenye mvujo mkubwa sana wa vali (huonekana nzuri kwa sababu chemba inasukuma kwenye mlango ulio wazi). Kwa hao ongeza kasi ya ukuta kwa dopla ya tishu, chini ya sentimita 9.5 kwa sekunde si kawaida, na badiliko la eneo la chemba ya chini, chini ya asilimia 35 si kawaida.

## Hali zisizo za kawaida

17. Mvujo wa vali ni mkubwa kupita kiasi. Hesabu bado inafaa?

Hapana. Vali isipofunga kabisa, chemba mbili za kulia zinakuwa kama chumba kimoja, tofauti ya presha inatoweka, na kasi inaweza kuwa 2.5 kwa mgonjwa mahututi. Umbo la dopla huwa pembetatu yenye kilele cha mapema. Andika kwamba presha haikadiriki. Vilevile kwa mwenye mlango wa mshipa wa mapafu uliobana tangu kuzaliwa: kasi inaonesha presha ya chemba, si ya mapafu, kwa hiyo pima mlango huo kabla ya kutamka presha ya mapafu.

18. Mgonjwa ana selimundu. Kasi ya 2.6 ni ya kuogopa?

Ni ya kufuatilia. Kwa watu wazima wenye selimundu, kasi ya 2.5 na zaidi huambatana na hatari kubwa ya kufariki, ingawa kwa mtu mwengine ni namba ya kawaida. Lakini wengi wao wakipimwa kwa kateta hawana PAH. Upungufu wa damu hufanya moyo usukume damu nyingi kwa kasi. Andika kiwango cha damu cha siku hiyo kando ya kasi, na usipime wakati wa maumivu makali kisha ukaifanya namba hiyo kuwa msingi.

19. Maji kwenye mfuko wa moyo yamezidi. Si yatolewe tu?

Kwa PAH maji hayo mara nyingi ni matokeo ya moyo wa kulia kuelemewa, na kuyatoa kwa sindano kunaweza kumuangusha mgonjwa papo hapo. Uamuzi ni wa bingwa. Pima upana wake moyo ukiwa umejaa: chini ya milimita 10 ni machache, 10 hadi 20 ya wastani, zaidi ya 20 mengi. Na usisahau kwamba TB na VVU navyo huleta maji hayo. Usimpandishe mgonjwa kundi la hatari kabla hujauliza kikohozi, homa na jasho la usiku.

20. Kichocho cha Pemba kinaleta PAH?

Kichocho kinachojulikana sana kwa kuleta PAH ni cha tumbo, mansoni, kupitia uharibifu wa ini. Cha visiwani kwetu ni cha mkojo, haematobium. Kwa hiyo aliyewahi kukojoa damu utotoni asihitimishe kwamba ndicho chanzo. Aliyeishi kando ya Ziwa Victoria aseme, kwa sababu huko mansoni ipo.

21. Nina PAH na nataka kuzaa.

Zungumza na daktari kabla, si baada. Mimba kwa mwenye PAH ina hatari kubwa ya kifo kwa mama, zaidi miezi ya mwisho, wakati wa kujifungua na siku za mwanzo za uzazi, na ushauri wa kawaida ni kuiepuka. Bosentani, mojawapo ya dawa za PAH, hudhuru mtoto tumboni na pia hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo njia ya kupanga ichaguliwe na anayejua dawa zako. Mimba ikishaingia, usiifiche na usikimbie kliniki. Mume aje pia. Mara nyingi mgonjwa amebeba maneno ya ukweni peke yake.

22. Eko yangu imepangwa saa tisa mchana wa Ramadhani, na nimefunga.

Kwanza, kama unafunga au hufungi ni jambo la kuamua na daktari kabla ya mwezi kuandama. Sildenafili, dawa ya PAH ya mara tatu kwa siku, haiingii vizuri kati ya daku na futari. Tadalafili, ya jamii hiyohiyo na ya mara moja, huingia, lakini kubadilisha si kazi yako. Dawa ya kukojoa pamoja na joto na kutokunywa huweza kukausha mwili hadi ukazimia.

Kuhusu kipimo, saa tisa umepungukiwa maji, IVC itakuwa nyembamba na inajikunja, na mpimaji ataongeza 3 badala ya 8 au 15. Kwa kasi ya 4.1 hiyo ni 70 badala ya 75 au 82. Omba nafasi ya asubuhi. Isipopatikana, hakikisha ripoti imeandikwa "amefunga" pamoja na saa, ili atakayelinganisha na eko ya baada ya Idi asidhani ugonjwa umepanda kumbe umekunywa maji.